Maharage Chini ya Kitanda

Miaka ile ya vita nilikuwa na hakika na mambo mengi, na kemia ilikuwa ya kwanza. Nilitoka Kasai kuja kufundisha Butembo. Hata barabara ya Beni ilipofungwa, mimi niliendelea kuchora mishale yangu ubaoni, safari ya kaboni kutoka hewani hadi jani, kutoka jani hadi udongo, na kurudi hewani. Mduara safi. Niliupenda mduara ule kuliko inavyofaa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tano alikuwa binti wa wakulima wa Masereka, akikaa kwa shangazi yake katika mtaa wa Vulamba. Mkuu wetu wa shule, tuliyemwita prefe, alitaka kumtoa sayansi ampeleke ushonaji, kwa sababu hakuwahi kufungua mdomo darasani. Nilibishana naye mpaka akachoka. Tukapatana hivi: siku ya maonyesho ya sayansi binti asimame aeleze kazi yake mwenyewe mbele ya watu, naye atabaki. Akishindwa, cherehani inamsubiri.

Nilimuuliza anataka kujua nini. Alisema kwamba kwao shambani hurundika majani yaoze, na kila wiki rundo hupungua bila mtu kuligusa. Linaenda wapi? Nilifurahi sana. Walimu hungoja swali kama hilo miaka mingi.

Tukapanga kazi. Chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana: moja na majani ya mgomba yanayooza, nyingine na miche ya maharage juu ya pamba yenye maji. Ndani ya kila moja kikombe kidogo cha maji ya chokaa, ile ile ya kupaka kuta, tuliyoiacha itulie na kuichuja kwa kitambaa. Maji hayo hugeuka meupe yakikutana na hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Tulifunga vifuniko kwa nta ya mshumaa. Nilimwambia chupa ya majani itageuka nyeupe na ya maharage itabaki safi. Sikusema labda.

Alizipeleka kwa shangazi yake, na baada ya siku nne alizileta. Maji ya zote mbili yalikuwa meupe kama maziwa.

Nilikasirika. Nilimwambia amefungua kifuniko, au amepulizia, au amemwachia mtoto wa shangazi achezee. Alitazama sakafu na machozi yakamtoka. Zilibaki siku chache tu kabla ya maonyesho, na mimi nilikuwa nampigia kelele mtu ambaye kosa lake lote lilikuwa ukimya. Nikaketi, nikamuuliza tena taratibu.

"Hapana, sikufungua, mwalimu," alisema. "Baaskari balipita mu mtaa yetu, nikaificha chini ya kitanda. Kitu ya maana tunafichaka. Ilibakia kule siku tatu."

Nilicheka kwa aibu. Butembo nzima ilikuwa chini ya vitanda wakati ule: redio, vitenge vizuri, cherehani. Diploma yangu mwenyewe ilikuwa chini ya godoro. Na mmea uliokosa mwanga hauvuti hewa ya ukaa. Unapumua tu na kuitoa, kama sisi. Nilikuwa nikilijua hilo, lakini katika mduara wangu mzuri sikuwahi kuchora mshale unaotoka kwenye jani kurudi hewani. Nilimwomba msamaha, jambo ambalo walimu wa kizazi changu hatukuzoea.

Nikataka tutupe yote tuanze upya. Akakataa. Alisema tuonyeshe na ile ya kitandani. Basi tukabadilisha maji ya chokaa, tukaandaa chupa ya tatu: maharage mengine, haya ya dirishani. Maji yake yalibaki safi.

Siku ya maonyesho alianza kwa sauti ya chini. Alieleza kwamba rundo la kwao halipotei, linageuka hewa, na maharage ya jirani huila hewa hiyo. Prefe, nadhani kwa kumtega, akauliza maharage ya kitandani yatavumilia mpaka lini. Binti aliitazama miche ile, mirefu, imepauka.

"Inakula akiba yake, Bwana Prefe. Ikiisha, inakufa. Tuliificha juu ya kuipenda, lakini mu giza hakuna chakula yake."

Prefe aliniuliza nani amemfundisha jibu hilo. Nilisema si mimi, na ilikuwa kweli.

Jumatatu alikuwa kwenye benchi lake la sayansi. Nilichora mduara wangu ubaoni kwa darasa zima, kwa mkono ule ule wenye hakika, na nilipogeuka niliona kidole kimoja juu.

"Mwalimu," alisema, na darasa zima likageuka kumtazama, "mumesahau mushale yenye inatoka mu jani na kurudi mu hewa."

Nikauchora.