Bibi Aliyeilinda Maktaba kwa Kukaa

Bibi aliyekuwa akikaa dirishani katika maktaba ndogo ya mtaa wetu hapa Karatu amefariki, na tumemzika kwao Buger, kwenye shamba la mwanawe. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mwepesi wa kuamini watu, na huyu naye nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Alikuja asubuhi kutoka kwa binti yake anayeishi hapa mjini, akachukua kitabu cha ufugaji wa nyuki, akakifungua, akatulia. Wiki iliyofuata, kitabu kilekile. Nikajiambia hapa kuna jambo, haiwezekani mtu apende nyuki kiasi hicho.

“Shikamoo bibi. Unafuga nyuki?”

“Marahaba. Sifugi.”

“Sasa?”

“Nimekaa tu, mwanangu. Akija mtu, akute kuna mtu.”

Akanieleza kwa sauti ya chini huku akiangalia mlango. Kiwanja cha maktaba kiko kando ya barabara wanayopita watalii kwenda Ngorongoro, na kila mwenye macho anajua kingeleta hela zaidi kikiwa na loji au duka la vinyago. Wanaokitaka, alisema, hawatavunja mlango. Watapiga picha viti vitupu, kisha waulize kwa upole mkutanoni: hii nyumba inamsaidia nani? Kwa hiyo aliwapanga akina mama wa jumuiya yake wakae naye kwa zamu, kama tunavyokaa na mfiwa ili nyumba isibaki peke yake. Wengine walisoma, wengine walisinzia. Mmoja alianza kwa kusinzia, na siku hizi hataki kusemeshwa akiwa katikati ya kitabu. Kumbe bibi huyu alikuwa na shaka kunishinda mimi! Nilimpenda papo hapo.

Vijana wananiambia maktaba imepitwa na wakati, kila kitu kiko kwenye simu. Maneno hayo siyaamini, hasa yakitoka kwa mtu anayejua bei ya kiwanja. Mwanafunzi kutoka Kansay aliyepangishiwa chumba hapa mjini hana bando, na simu yenyewe ni ya dada yake. Maktabani anapata meza, mwanga na utulivu bila kuulizwa ananunua nini. Katika mji huu, ni wapi pengine utakaa kutwa bila kuletewa menyu? Zamani tuliithamini maktaba kwa sababu vitabu vilikuwa adimu. Sasa naona mahali pa kukaa na kufikiri ndipo palipoadimika, na penye uhaba hapakosi mwenye tamaa.

Siku ya mazishi tulikwenda Buger sote, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Tulikuwa tumerudi kutoka kaburini, akina mama wameketi kwenye mikeka wakingoja chakula, mkutubi akanipigia simu. Kuna wanaume wameingia na futi ya kupimia, wanapiga picha viti na kuuliza wasomaji wako wapi. Hebu niambieni, nani aliwaambia kwamba siku hiyo hatutakuwepo? Tangazo la msiba lilisomwa kanisani na kwenye kundi letu la simu tu. Sina ushahidi, lakini waombolezaji wenzangu nawatazama kwa jicho jingine tangu siku hiyo.

Nilimnong’oneza mama mmoja wa zamu. Akasimama. “Jamani, twendeni mjini.”

“Kabla ya chakula?” mzee wa ukoo alishtuka. “Mnatuaibisha!”

Binti wa marehemu ndiye aliyejibu, macho yamevimba kwa kulia. “Waacheni waende, baba. Mama angeuliza nani amebaki kule.”

Tuliwakuta bado wanapima. Akina mama hawakubishana na mtu. Waliingia na khanga zao za msiba, wakachukua vitabu, wakavuta viti, wakaketi.

“Kuna kikao?” mwenye futi aliuliza.

“Hakuna, baba. Tunasoma.”

Nilimwomba apige picha nyingine. Hakupiga. Walikunja futi yao wakaondoka wakisema watarudi, na katika yote waliyosema hilo tu ndilo ninaloliamini. Tumezoea kusema simu ndizo zinazoua maktaba. Mimi nawashuku zaidi watu wema wanaoisifu wakiwa nyumbani kwao. Kama kweli unaipenda, ipende ukiwa umekaa ndani yake.