Kambale wa Papa

Juzi niliamka mapema, nikafunga begi na kutoka bila kujua ninakwenda wapi, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule. Nilipanda basi la kwanza lililosimama mbele yangu. Katika soko la mji ambao jina lake sikulishika, muuza kuku alikuwa ameacha sahani ya maini juani. Wapita njia waliziba pua. Mimi nilisogea karibu, kwa sababu ile ni harufu ya vidole vya Tonton Ilunga.

Miaka ile ya tisini tulikaa Etterbeek, mtaa wa Brussels, Ubelgiji, katika fleti iliyotazama ukuta. Mama alihudumia wazee wa watu majumbani mwao, Papa alilinda mlango wa ofisi moja karibu na Schuman. Mimi nilizaliwa huko huko. Kaka yangu Désiré nilimjua kwa picha tu. Alikuwa amebaki Kongo na nyanya yetu, mjini Butembo, akingoja karatasi za safari. Kisha vita vikafika kwao, nyanya akafia njiani watu walipokuwa wakikimbia, na Désiré hakuonekana tena. Hayo niliyajua nusunusu, kama watoto wanavyoyajua mambo ya nyumbani: nilijua kwamba nikiingia jikoni sauti zinashuka.

Nilichokiona kwa macho yangu ni Papa kukonda. Alikuwa akisukuma sahani bila kuigusa. Jumamosi alinipeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye duka la simu, akajifungia katika kibanda cha kioo na kupiga kelele, maana laini ilikuwa mbovu: "Niko natafuta Kambale! Bado hamujamuona Kambale? Muulize kwa wavuvi, kule Kyavinyonge!" Akitoka, alimshika mkono mtu yeyote aliyewasili karibuni kutoka Kivu. "Kambale? Hamukusikia habari ya Kambale?"

Nikaamini kwamba baba yangu anakufa kwa hamu ya samaki.

Msinicheke sana. Maduka ya Matonge yaliuza kambale wakavu, weusi, waliokunjwa mkia mpaka mdomoni, na Papa aliwapita bila kuwatupia jicho. Basi, nikajiambia, anataka mbichi. Nikampelekea siri yangu Tonton, yaani mjomba, Ilunga, jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa Likasi, kusini mwa Kongo, mbali na Kivu, aliyefagia maofisi alfajiri na kuvua samaki siku zake za mapumziko. Alicheka hadi akakohoa.

"Yesu! Muntu muzima analia juu ya kambale? Hawa bantu ya Kivu! Bon, tutamupatia yake."

Alinipeleka kwenye mfereji wa meli, upande wa Anderlecht, na huko ndiko nilikopata elimu niliyoipenda kuliko ya darasani. Alinifundisha kwamba kuna samaki anayeonja na samaki anayemeza. Anayeonja ni yule mdogo mwenye mistari mgongoni, perche, anayejificha penye majani na miti iliyozama. Huyo unamtegea mnyoo mwembamba, karibu na maficho yake, na unamvuta taratibu usije ukampasua mdomo. "Ile ni kama madame ya bureau," alisema Tonton, akiwafikiria wanawake wa maofisi aliyoyafagia. "Inagusa chakula na ncha ya uma."

Kambale ni mwingine. Hukaa chini kabisa, kwenye matope, na hapendi mwanga. Kwa hiyo tulisubiri siku za mawingu, mvua ikishachafua maji. Haoni vizuri, anatafuta kwa ndevu zake na kwa harufu, ndiyo maana chambo chetu kilikuwa maini ya kuku yaliyolala mpaka yakaanza kunuka. Tonton aliyafunga kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea yasichomoke. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kutofanya lolote.

"Solange, weye! Acha! Amemeza? Hajameza. Doucement, polepole. Kambale iko sawa na miye: inakula yote, kisha njo inauliza."

Nilirudi mikono mitupu mara nyingi. Nyumbani Papa alizidi kusinyaa, nami niliogopa kwamba nikichelewa nitamkosa. Ndipo siku moja ya manyunyu uzi ukaondoka polepole, bila mshtuko, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Nilihesabu pumzi. Nikavuta. Tonton alimshika nyuma ya kichwa, akikwepa miiba ya mapezi inayochoma: kambale mnene, mweusi, mwenye ndevu.

Nilipanda ngazi za kwetu mbio, Tonton na ndoo wakiwa nyuma yangu.

"Papa! Papa! Tumepata Kambale! Tuko naye hapa!"

Nilisikia kiti kikianguka. Mama alipiga ukelele. Papa alitoka na soksi tu, akanipita, akampita Tonton, akainama juu ya ngazi akitazama chini.

"Eko wapi? Mwanangu eko wapi?"

"Njo huyu, papa!" Tonton aliinua ndoo kwa furaha. "Na ndevu yake yote!"

Papa alitazama ndani ya ndoo. Akaketi pale pale kwenye ngazi. Mama ndiye aliyesema, akiwa ameshikilia mlango, sauti yake kavu: "Solange, kwetu Wanande mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Ule wa kwanza anaitwa Paluku; wetu alikufa angali ananyonya. Désiré, yeye njo Kambale."

Tonton alivua kofia. Hakujua mahali pa kuiweka ile ndoo.

"Aksanti, ndugu yangu," Papa alimwambia. "Ni samaki muzuri."

Jioni ile aliketi mezani akala kipande nilichompakulia, chote, mpaka mfupa, huku akinitazama. Nilifurahi; nilidhani nimemponya. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kila tonge alilimeza kwa ajili yangu.

Papa alifariki bila kupata jibu. Mimi nikaacha shule, nikawa mtu wa njia, wa kuuliza uliza. Njia zangu zikanifikisha Butembo, mchana mmoja wa vumbi jekundu, na mama mmoja akanipa chumba uani kwake. Kisha akaita: "Kambale! Letea mugeni maji!"

Kijana aliyekuwa akiosha pikipiki aliitika. Mtoto mwenye dumu naye akaitika. Fundi viatu wa barazani, mwenye mvi, aliinua kichwa, na kutoka ng'ambo ya ukuta sauti nyingine ikajibu, "Unaniita miye?"

Nilisimama mlangoni na begi mgongoni. Hili ndilo jina Papa alilokuwa akilipigia kelele ndani ya kile kibanda, likija katika nchi ambayo kila ua una Kambale wake. Nilimtazama yule kijana, kisha fundi, kisha nikangoja mwenye sauti atokeze.

"Utakaa siku ngapi?" mwenye nyumba aliniuliza.

Nilimwambia sijui.