Hela za Kiunoni

Kila ninaposimulia kisa hiki, lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Mzee, siku hiyo ulikuwa umekunywa lubisi?" Sikuwa nimekunywa, na wala sikuwa na homa. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mke wangu, Kokugonza, alikuwa amekwenda misa na mtoto wetu mgongoni, na mimi nimebaki nyumbani kwa sababu tezo lilikuwa limenikata mguu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa seremala kule Chonyonyo, miaka ile ya mwishomwisho ya Mwingereza. Padri mmoja niliyemtengenezea mabenchi ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa kukusanya sarafu. Si sarafu za thamani, la. Ni hizi zilizozunguka sokoni mpaka sura ya mfalme ikafutika nusu. Alinifundisha nisizisugue kwa majivu, maana nitaziharibu. Nitenge kwanza za Mjerumani na za Mwingereza, halafu sumuni zikae na sumuni, senti kumi na senti kumi, kisha nizifuatanishe kwa miaka kama watoto wa nyumba moja. Basi nikachonga ubao wa msambya, nikautoboa vishimo, kila sarafu na kitanda chake. Jioni nikitoka kazini sikuwa na raha nyingine.

Za Mjerumani zilikuwa adimu. Unazijua hela zile zenye tundu katikati na taji juu yake? Nilipata chache kwa wazee wa Nyaishozi. Halafu siku moja nikawa nachimba shimo la mche wa kahawa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa mahame ya watu wa kale, jembe likaibua fungu zima, zimetungwa kwenye uzi wa mgomba. Nilipougusa uzi ukawa vumbi. Nilishangilia! Nikazichanganya na zile za wazee, nikazipanga kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo, hata mwenyewe nisingeweza tena kukuonyesha ipi ilitoka wapi. Moja ilizidi. Kokugonza akaitunga shingoni mwa mtoto, iwe pambo. Tangu hapo mtoto akawa analia usingizini. Tukasema ni meno.

Sasa Jumapili hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, mweupe kama maziwa. Kengele ya kanisa ilisikika kwa mbali, kama inapigwa chini ya maji. Nimekaa mkekani, ubao uko magotini, mlango wazi. Kuinua macho, mwanamke amesimama kizingitini. Hakupiga hodi. Mbwa hakubweka. Alikuwa msichana hasa, amejifunga nguo ya gome la mti, ambayo siku hizo ulimwona nayo kikongwe tu. Nje kila jani lilidondosha maji. Yeye alikuwa mkavu.

"Karibu, dada," nikamwambia.

"Mama yako ni mdogo kwangu," akajibu kwa Kinyambo cha zamani, kile walichosema bibi zetu.

Je, niliogopa? Sikuogopa, na mpaka leo najishangaa. Mwili wangu ulikuwa mzito na mtamu, kama wa mtu anayeitwa akiwa bado katikati ya usingizi. Aliketi mbele yangu akautazama ubao.

"Hivi ndivyo unavyozipanga?"

"Ndiyo. Kubwa na ndogo mbalimbali, halafu miaka."

"Umezitawanya," akasema.

Akaanza kuzitoa. Niamini, hakusoma mwaka wala kuangalia taji. Alizipitishia kidole tu, hii anaacha, hii anachukua, na zile za wazee wa Nyaishozi hakugusa hata moja. Akazipanga juu ya mkeka kwa duara: kubwa, ndogo mbili, kubwa, ndogo mbili. Duara lilikuwa dogo. Nilikuwa baba, nilikijua kipimo kile. Kilikuwa kiuno cha mtoto ambaye hajasimama.

Mahali pamoja akaacha nafasi.

"Hii iko kwa mwanao," akasema. "Naisikia."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. "Mama, nakusihi, usimguse mtoto wangu. Nitakurudishia mwenyewe."

"Simwonei wivu mwanao. Lakini mtoto asivae mshipi wa mtoto mwingine." Kisha akauliza taratibu, "Mlipochimba, mlimwona?"

Nikamjibu, "Hatukuona kitu, mama. Udongo tu."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa mdogo sana," akasema.

Ukungu ukaingia ndani, ukajaa chumba chote. Ulipotoka, nilikuwa peke yangu na lile duara.

Kokugonza aliporudi nilimweleza yote. Hakubisha. Alikata uzi shingoni mwa mtoto, akaiweka hela kwenye ile nafasi, na ilikuwa saizi iliyohitajika. Akamwita shangazi yake, mzaliwa wa pale, naye alipoliona duara akakaa chini. Akatuambia kwamba katika vita vya Wajerumani kijana mmoja wa mji uliokuwa pale kwenye mahame alichukuliwa upagazi, akamwachia mkewe hela. Njaa ikaingia. Hela zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Mtoto wao akafa. Yule mama akazitunga kiunoni mwa mtoto, akamzika nazo, akashika njia kumfuata mumewe. Hakuonekana tena.

Mchana uleule tulitunga hela zile kwa uzi mpya, kwa mpangilio wake, nikang'oa mche wa kahawa, tukazirudisha. Shangazi alimimina maziwa kidogo, Kokugonza akasali Baba Yetu. Usiku ule binti yetu alilala bila kulia. Sasa ana watoto wake.

Padri aliniuliza mara nyingi kwa nini safu ya Mjerumani ina vishimo vitupu. Nilimwambia bado natafuta. Sijatafuta.

Na wewe unayeokota vya kale, sikia. Ukikuta vitu vimetungwa pamoja, usivitungue kabla hujauliza vilikuwa vya nani. Labda huniamini. Basi njoo Chonyonyo asubuhi ya ukungu, ukae kimya nyuma ya nyumba yangu. Miaka ya kwanza tulisikia hela zikigongana chinichini, kama mtoto anatambaa. Baadaye ikawa mlio, kishindo cha kuanguka, kisha mlio tena, na Kokugonza alikuwa akiacha kupeta maharage na kushika pumzi, mpaka asikie mtoto yule ameinuka.

Siku hizi anakimbia.