Msusi wa Komarock na Mlio Ulioletwa na Wivu

Saa tatu asubuhi, Khavere anagawa nywele za mteja kwa mkia wa kichana. Mteja anamsemesha, naye Khavere anainamisha kichwa ili asikie. Ndani ya sikio la kushoto kuna mlio mwembamba usiokatika, kama birika linalochemka.

"Nimeuzoea," anasema. "Lakini nikikasirika, unapanda."

Khavere, 43, ambaye majirani humwita Mama Caleb, amesuka nywele mtaani Komarock, Nairobi, kwa miaka kumi na tisa. Miaka sita iliyopita alimkaribisha saluni Shirleen, jirani aliyeachishwa kazi kiwandani Industrial Area, akamfundisha kazi hatua kwa hatua.

Mwanafunzi akampita fundi. Wateja wakawa wanachungulia mlangoni na kuuliza, "Shirleen yuko?"

"Nilikuwa nikijibu 'yuko', huku moyo unawaka," Khavere anakiri.

Januari mwaka jana, Nekesa, mteja wake kwa miaka minane, aliketi kwenye kiti cha Shirleen asukwe nywele za harusi. Khavere alitabasamu, akatoka nje. Hapo ndipo mlio ulipoanza.

Wiki hiyo hiyo akaanza kuwanong'onezea wateja kwamba Shirleen huvuta nywele hadi zinakatika. Ulikuwa uongo. Usingizi ukamtoroka, mlio ukazidi.

Daktari wa masikio alimpima asione nta wala ugonjwa. Alimweleza kuwa si kila mlio huletwa na msongo wa mawazo, ila msongo huweza kuuchochea, nao mlio huongeza msongo. Kisha akamuuliza, "Mama, nini kinakusumbua moyoni?"

"Nikasema hakuna. Nikatoka, nikalia pale kwa ngazi."

Ijumaa iliyofuata, saluni ikiwa tupu, alimwambia Shirleen yote.

"Nilijua," Shirleen alimjibu. "Wateja huniambia, Mama Caleb. Nilikuwa nangoja nisikie kwako."

Kwa siku nne Shirleen hakumsalimia. Ya tano alimwita: "Njoo ushike upande huu, huyu mama ana haraka." Wakasuka kichwa kimoja pamoja.

Wivu haujaisha, Khavere anasema, wala mlio. Ila siku hizi analala. Amewaendea wateja saba kuufuta uongo wake, wamebaki wawili.

Kuna mtindo mpya ambao Shirleen anausuka, naye Khavere hauwezi. Mwezi ujao atamwomba amfundishe.

"Ulimi ni mzito," anasema. "Lakini nitaketi kando yake, niangalie vidole."