Alea Okidi Miaka Saba, Afichwa Bandani Siku ya Tamasha

Saa mbili asubuhi, boti ya kwanza ya watalii inapiga honi mtoni. Ndani ya kitalu cha bustani ya mimea, mwanamke wa miaka arobaini na sita amepiga magoti, anafuta majani ya okidi kwa kitambaa kibichi.

"Honi ya pili isitukute hapa," anasema, bila kucheka.

Wenzake humwita Mama Miche. Kwa miaka kumi na tisa amelea maua ambayo watu husafiri saa mbili kwa boti kuja kuyaona. Lakini tamasha la maua linapowadia, uongozi huwaamuru watunza bustani wote kumi na saba wakae bandani mpaka boti ya mwisho ing'oe nanga. Sababu imebandikwa ukutani: nguo zao zenye tope zinaharibu mandhari.

Mchumia juani, walisema wahenga, hulia kivulini. Kivuli alichopewa Mama Miche ni banda la mabati lisilo na dirisha, viroba vya samadi na benchi moja.

Mwaka huu kilichovuta wageni ni okidi nyeupe aliyoiotesha yeye, kwa mbegu laini kama vumbi. Imechukua miaka saba kuchanua. Mama yake mzazi, ajuza wa miaka sabini na minne, alipopata habari alipanda boti Jumapili iliyopita bila kumwambia mtu. Alitaka kumshtukiza bintiye.

Mama Miche anasimulia kwamba walikuwa bandani wakitaniana kuwa samadi ina bahati kuwashinda, maana yenyewe huruhusiwa kukaa karibu na maua. Mara akasikia sauti ya mama yake nje, akimuuliza mwongoza wageni alipo mtunzaji wa ua lile. Mwongozaji alijibu kwamba hiyo ni kazi ya wataalamu, na vibarua hawaruhusiwi kuonekana.

"Kibarua huyo nimemzaa mimi," bibi akasema.

Mama Miche akainuka kutoka benchini. Akafungua mlango, akatoka na mabuti yake ya tope, akamshika mama yake mkono mpaka mbele ya okidi. Akamweleza jinsi alivyoinywesha kwa kijiko, na jinsi alivyonusurika kuipoteza mara mbili kwa ukungu. Wageni wakasogea, wakauliza maswali. Mwongozaji akabaki na kipaza sauti chake, akihutubia miti.

Jumatatu Mama Miche akakabidhiwa barua ya onyo. Ana siku saba za kuomba radhi kwa maandishi, la sivyo kazi hana.

"Eti nimeharibu mandhari," anasema. "Mandhari hayo nimeyapanda kwa mikono hii."

Msemaji wa bustani aliliambia gazeti hili kwamba utaratibu huo unalinda heshima ya wageni. Alipoulizwa kuhusu heshima ya waliopanda, alisema anawahi kikao.

Tamasha bado linaendelea kwa wiki moja. Mama Miche ameshaandika barua, na wenzake wote kumi na sita wametia saini. Inadai banda lisitumike tena kuwaficha watu, na kila kitalu kiwe na kibao chenye jina la anayekitunza.

"Walitaka barua, wataipata," anasema. "Nitaipeleka mwenyewe Ijumaa, bustani ikiwa imejaa wageni. Neno samahani halimo."