Zabibu Zilizongoja Maziko

Asubuhi ile Geneviève alitafuna mbegu ya zabibu, ikavunjika kati ya meno yake kwa mlio mkavu, akajua kwamba zimeiva. Utamu peke yake haumwambii mkulima kitu. Hata nyuki anaujua utamu. Mbegu ikiwa kijani na laini, subiri. Ikiwa ya kahawia na inavunjika, noa mkasi. Hayo aliyajua tangu usichana wake, alipokuwa akitunza bustani ya masista milimani karibu na Butembo, kabla vita havijamvusha mpaka, na kabla Nobert, mkulima wa Maliba, hajamwona sokoni Bwera na kusahau alichokuja kununua.

Nobert ndiye aliyepanda naye mizabibu ile, juu kabisa kwenye mteremko, ambako baridi ya Rwenzori hushuka kila jioni. Kisha homa ikamchukua kabla hata mti mmoja haujazaa. Mjane akabaki na binti yao Patience, na vijiti. Shemeji yake Syahuka, ambaye sasa ndiye mwenye kauli juu ya shamba la ukoo, alimkuta siku moja akipukutisha majani mabichi yote kwa mkono, ili miti ipumzike, maana nchi hii haina baridi kali ya kuilaza yenyewe. Syahuka alishika kichwa.

"Mama Patience, hii miti iko na makosa gani, unavua yeye nguo?"

Tangu hapo akaweka sharti mbele ya wazee: mavuno ya kwanza yatoe divai ya kunyweka, la sivyo ataing'oa yote apande kahawa. Geneviève akakubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tusimsingizie Syahuka ubaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba moja, na vijiti vya kaka yake havikumlisha mtu.

Basi mbegu ikavunjika, na wingu zito lilikuwa limeshaukalia mlima. Geneviève alikuwa anashusha vikapu darini aliposikia kilio kutoka kwa jirani. Bibi Edisa amefariki.

Mgeni hawezi kuelewa asipoambiwa: pale Maliba mtu akifa, majembe yanawekwa chini. Jirani halimi, havuni, haonekani shambani na chombo chochote cha kukatia, mpaka maiti aingie kaburini. Anayevunja mwiko huo hafungwi wala hapigwi. Watu wanamwacha tu. Akifiwa, anabeba jeneza peke yake.

Na Bibi Edisa hakuzikwa upesi. Mwanawe wa pekee, Achille, alikuwa Beni kwenye biashara zake, na njia ya huko unaijua unapoianza tu, hujui utaimaliza lini. Wazee wakaamua asubiriwe. Geneviève akakaa na wanawake kwenye majani ya migomba, mdomo ukiimba, macho yakiwa mlimani. Mvua ikizikuta zabibu zilizoiva, maganda yanapasuka na ukungu unaingia. Hapo divai unaisikia kwenye hadithi. Aliomba mvua ichelewe. Halafu, Mungu amsamehe, aliomba wazee wachoke kumngoja Achille.

Aliona aibu kwa ombi hilo. Nobert alipokufa, maharage yalikuwa yamekauka mashambani, na Edisa alikaa naye matangani mpaka mwisho huku maharage yake yakinyeshewa na kuchipua ndani ya maganda. Mwaka ule bibi alikula mihogo mitupu. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja, na ndiyo maana lilikuwa linauma.

Siku iliyofuata, mchana, upepo ukaanza kunuka mvua. Geneviève akainuka kama mtu anayekwenda chooni, akazunguka nyuma ya migomba, akapanda mteremko mbio, mkasi ukiwa ndani ya kitenge. Alishika kichala cha kwanza. Kilikuwa kizito, cheusi, kimejaa. Akafungua mkasi, ukagonga waya uliobeba matawi.

"Mama Patience."

Syahuka alikuwa amesimama nyuma yake. Geneviève akageuka.

"Shemeji, angalia ile mvua," alisema haraka. "Ikinyesha leo, yote iko naharibika. Niko nakata ya huku juu tu. Batu ya matanga hawawezi kuona."

Syahuka alitazama wingu. Akatazama chini, nyumba ya msiba. "Kata," akasema. "Mimi siko naona kitu." Akageuka, akampa mgongo.

Mgongo ule ndio uliomtisha. Kama shemeji angefoka, yeye angejua la kufanya. Je, alikuwa anamhurumia, au alikuwa anamtegea? Aliutafuta ukweli kwenye mabega yake, hakuuona. Kutoka chini sauti za wanawake zilikuwa zinapanda, na wimbo ulikuwa umefika pale ambapo yeye ndiye huitikia. Hakuna aliyeitikia. Aliogopa, ndiyo, nani asingeogopa? Lakini lililomshinda zaidi lilikuwa maharage ya Edisa. Akaurudisha mkasi ndani ya kitenge, akampita shemeji yake bila neno, akashuka.

Mvua ilifika kabla ya Achille. Ilinyesha usiku kucha, na bado ilikuwa inanyesha walipomteremsha Edisa kaburini, Achille amesimama kwenye tope kwa viatu vya mjini, analia bila kujificha. Udongo wa mwisho ulipowekwa, Geneviève alikimbia. Alizikuta zabibu zimepasuka, maji yake yanachuruzika kwenye waya, na nyigu wamejaa. Yeye na binti yake Patience waliokoa beseni moja, nalo lilikuwa limeanza kunuka siki. Syahuka alionja moja, akatema.

Kesho yake alikuja na jembe.

"Tulipatana," alisema.

"Tulipatana." Geneviève alikuwa analia wala hakujifuta. "Shemeji, niambie ukweli. Ile siku ulisema nikate. Kama ningekata, ungenyamaza?"

Syahuka alikwangua tope kwenye mpini kwa ukucha.

"Hapana," akasema. "Ningesema. Pale pale kwa kaburi, mbele ya watu yote."

Geneviève alitaka kumrushia jiwe, na papo hapo akashukuru kwamba hakukata. Alitikisa kichwa kukubali. Akamwachia shamba, akashuka mpaka nyumbani kwa Edisa, ambako wanawake walikuwa bado wamekaa kwenye majani ya migomba. Kule juu jembe likaanza kupiga, na wote walilisikia. Wakasogeleana, wakamwachia nafasi katikati, akaketi.