Kofia Yangu Juu ya Swichi

Mimi ni fundi wa AC, na juzi nilijiaibisha juu ya paa la nyumba moja Kibokoni. Chini, bi harusi alikuwa akipakwa hina, na kwa kuwa AC ilikuwa haipozi, jasho lilikuwa likiiharibu. Mwanamume haingii chumba cha bi harusi, basi nikasemezana na shangazi yake, Bi Zuhura, kwa kupaza sauti ngazini.

Kapasita ya kuwashia kompresa, ile mashine ya paani inayopoza hewa, ilikuwa imevimba. Nikazima swichi ya pale paani, nikafunga kapasita mpya, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nikatundika kofia yangu ukutani, nikaita, "Washeni."

"Yapuliza, mwanangu," akajibu Bi Zuhura, "lakini ni joto lile lile."

Nikapima fyuzi, nzima. Kapasita, nzima. Kompresa kimya. Nikajua nimeunguza mashine ya watu siku ya harusi yao, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Bi Zuhura akapanda kuniletea sharubati. Kuniona kichwa wazi, akaitungua kofia yangu anipe. Nyuma ya kofia kulikuwa na swichi ile ile.

"Na hii," akauliza kwa upole, "haiwashwi?"

Nikaiwasha. Kompresa ikanguruma, na huko chini vigelegele vikapigwa. Nikainywa sharubati bila kuinua macho, nikishukuru kwamba kilichoungua ni uso wangu tu.